Siku Niliyomjibu Gusti Ndiyo

Sakafu ya nyumba yangu ni ya saruji, na katikati yake kuna mstari unaong'aa kuliko kwingine, kuanzia kitanda cha dirishani hadi mlango wa jikoni. Mgeni hudhani pamepakwa nta. Hapajapakwa kitu. Ni mjukuu wangu Kemuning aliyepang'arisha, kwa miaka kumi na mitatu ya kupita hapo akiwa amekalia kipande cha ngozi ya mbuzi.

Nyumbani tulimwita Muning. Alikuwa na miaka sita alfajiri ile ardhi ilipotikisika na ukuta ukamwangukia yeye pamoja na baba yake na mama yake. Wazazi wake tuliwazika kabla ya jua kutua. Yeye alitolewa mzima, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi tena kitu, hata ukimfinya. Akabaki na sisi wazee wawili, mimi na mume wangu Wiryo.

Wiryo alikuwa mtumishi wa kasri. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kupeleka chai. Mle kasrini, mbele ya wakubwa hakuna anayetembea wima. Unashuka, unachuchumaa, unakwenda hivyo hivyo kwa hatua fupi na kichwa umekiinamisha, mpaka umfikie unayemwendea. Unaunganisha viganja mbele ya pua, unatoa au unapokea, kisha unarudi kinyumenyume, bado umechuchumaa. Magoti ya Wiryo yaliharibiwa na chai ya watu wengine, lakini sikumsikia akilalamika.

Miezi ya kwanza baada ya tetemeko Muning hakusema neno. Alilala anatazama dari. Jioni moja Wiryo akawa anamsimulia habari za kazini, kama mtu anayezungumza na chungu.

"Leo kaja mkuu wa wilaya," akasema. "Tumbo mpaka hapa. Kachuchumaa kama sisi wote, na njia haijafika nusu anapumua kama nyati aliyekwama matopeni. Nikampita na sinia langu."

Mtoto akageuza macho. "Hata yeye hasimami?"

"Asimame yeye nani? Mle ndani, Nduk, hata daktari, hata jenerali, wote wanakwenda chini."

Nduk ndivyo tunavyowaita mabinti zetu, nasi wazee huitwa Mbah, na babu ni Mbah Kakung. Muning akafikiri kidogo, kisha akasema maneno ambayo mimi na babu yake tuliyabeba maisha yote.

"Basi mle na mimi nitakuwa kama watu."

Alipopata nguvu ya kukaa, Wiryo akamkatia ngozi ya mbuzi ya kukalia na kumchongea vibao viwili vya mti wa mjakaranda vya kushika mikononi. Akawa anaviweka vibao chini, anajiinua kwa mikono, anateleza shibiri moja, anajiinua tena. Jioni, baada ya chakula, mume wangu alichuchumaa mbele na mjukuu akamfuata nyuma, kutoka kitandani hadi jikoni, ambako mimi nilikaa juu ya kigoda nikiwa ndiye malkia.

"Polepole," Wiryo alimwambia. "Hii si foleni ya mafuta ya taa. Shingo chini. Usimtazame malkia usoni."

"Malkia ana masizi puani, Mbah Kakung."

"Ndiyo maana nikakwambia usimtazame."

Alipofika mbele yangu aliweka vibao chini, akaunganisha viganja, nami nikampa chochote kilichokuwa karibu, kijiko au kitunguu. Akakipokea kwa mikono miwili kama dhahabu. Wiryo alifariki Muning akiwa na miaka kumi na saba. Zoezi likaendelea hata hivyo. Sasa mbele hakuchuchumaa mtu, ila Muning aliacha nafasi yake.

Baada ya tetemeko lile ndipo kilipoanzishwa kikundi cha kujitolea kinachoitwa Sayuk, na mlezi wake alikuwa Gusti Candrasari, dada wa mfalme wa kasri lile. Sisi tulimwita Gusti tu, jina la heshima la wakubwa wa kasri. Walezi wengine huja siku ya kukata utepe. Huyu alikuja siku ambazo hakukuwa na utepe. Nilimwona mara moja akitoa miiba katika samaki wa Pak Sarko, mzee asiyeona, mwiba mmoja mmoja, akidhani hakuna anayemwangalia. Ni yeye aliyesema kwamba walemavu hawatakuwa watu wa kusaidiwa tu, watakuwa ndani ya kikundi wakisaidia wengine. Watu walinong'ona. Pak Sarko asiyeona atasaidia nini? Ikaonekana kwamba wakati umeme umekatika kambini, ndiye pekee anayejua kila kitu kilipo.

Muning alianza akiwa na miaka kumi, mlima ulipotapika majivu na watu wakakimbilia chini kwetu kwa maelfu. Tulimketisha jikoni akafunge vifurushi vya chakula: wali, kipande cha tempe ya soya, pilipili ya kusaga, jani la mgomba ndani, karatasi nje, mpira mmoja juu. Alivifunga kwa kasi ambayo wakubwa hawakuiweza.

"Huyu kanyimwa miguu miwili kapewa mikono kumi," alisema Yu Ginah, mkuu wa jiko letu, mwanamke ambaye hasifu mtu hovyo.

Miaka tisa ikapita hivyo. Mafuriko, moto wa sokoni, maporomoko ya kilima, Muning alikuwepo. Alipokua akawa anapelekwa pia kwa watu waliovunjika mgongo karibuni, wale wanaotazama dari. Hakuwahubiria. Alikaa sakafuni kando ya kitanda akawafundisha kufunga wali.

Kila mwaka Sayuk huwaita kasrini waliotumikia miaka mingi, katika ukumbi ule wa wazi wenye nguzo, na kila mmoja huenda mbele kwa kuchuchumaa kupokea beji ya shaba kutoka mkononi mwa Gusti. Mwaka ule jina la Muning likawa kwenye orodha. Aliposomewa barua alicheka, kisha akashuka kitandani bila kusema kitu akaanza zoezi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikamwambia, "Nduk, saruji itatoboka."

"Acha itoboke. Ukumbi una hatua ngapi, Mbah?"

"Babu yako alisema arobaini."

"Nitaziweza."

Wiki mbili baadaye Gusti alikuja kwenye mazoezi ya jiko, uwanjani kwa ofisi ya kijiji. Alikaa kwenye mkeka kati yetu akaanza kufunga wali.

"Gusti, hicho kitamwagika kabla hakijafika getini," Muning akasema.

Mikono yote ikasimama. Bu Palupi, katibu wa kikundi, alimtolea macho. Gusti akakitazama kifurushi chake. Kweli wali ulikuwa unachungulia pembeni.

"Nimekifungaje?"

"Kama mtu aliyetoka kuoga na taulo fupi."

Gusti alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta. "Basi nifundishe, mwalimu." Na Muning akamshika vidole, vidole vile ambavyo mume wangu kwa miaka thelathini na minne hakuvigusa, akavikunja juu ya jani. Kilipotoka kifurushi cha tatu kilikuwa kinafaa.

Kisha Gusti akasema, "Muning, mwezi ujao unakuja kwetu. Nimeona haya. Jumba lile lina ngazi saba na miaka yote hii hakuna aliyejiuliza mtu kama wewe atazipandaje. Nimewaambia waweke njia ya mbao. Wazee wangu wameninunia wiki nzima, ila itawekwa. Na nimekuagizia kiti cha magurudumu, kipya, cha kwako kabisa. Utaingia umekaa vizuri mbele ya watu wote."

Halafu akanigeukia mimi. "Unaonaje, Mbah? Kiti kitamfaa?"

Nilikuwa napangusa majani ya mgomba. Muning aliinamisha uso. Aliyeulizwa ni mimi, na mtoto aliyelelewa vizuri hajibu swali la mkubwa wake. Lakini chini ya majani mkono wake ulitafuta pindo la nguo yangu ukalivuta mara mbili.

Nilijua alichotaka niseme. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekijua kama mimi. Nilipaswa kusema: Gusti, apandishwe zile ngazi saba, ndiyo, wamsaidie, lakini akifika juu awekwe chini aende mwenyewe. Maneno hayo hayazidi pumzi moja.

"Ndiyo, Gusti," nikasema. "Ahsante sana, Gusti."

Mimi ni mke wa mtu wa chai. Mbele ya mtu wa kasri mdomo wangu haukuwahi kujifunza jibu jingine. Tena alikuwa ametoa kwa moyo, amegombana na wazee wake kwa ajili yetu. Nilifikiri, nitamrudishiaje zawadi mkononi mbele ya watu? Nikasema ndiyo, na mkono wa Muning ukaachia nguo yangu.

Nyumbani hakunisemesha mpaka chai ilipopoa.

"Ulisema ndiyo, Mbah."

"Ulitaka niseme nini mbele ya Gusti?"

"Kitu ambacho unakijua."

"Ungesema mwenyewe. Vya taulo fupi uliviweza."

"Ule ulikuwa utani." Alizungusha kikombe. "Alikuuliza wewe."

Kesho yake nilivaa nguo nzuri nikaenda kwa Bu Palupi. Ni mwanamke mwema, amechoka tu kila siku. Alinikaribisha, akaninyooshea mto wa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mbah," akasema, "siku hiyo kuna wageni kutoka mbali. Wapiga picha wapo. Tumburute mtoto mlemavu sakafuni mbele yao? Watatuelewaje?"

"Haburutwi, Bu. Atakwenda mwenyewe."

"Kwenye picha ni kitu kilekile."

Naye nikamjibu ndiyo. Nilipotoka nilipita karibu na lango la kasri. Walinzi wale wazee walimjua mume wangu, wangenipa nafasi ya kumwona Gusti. Nilisimama pale kwa muda wa kula pisang goreng moja, ndizi ya kukaanga, mpaka ikaisha. Halafu nikarudi nyumbani.

Siku yenyewe Muning alivaa nguo niliyoolewa nayo. Kiti kilikuwa kizuri, cheusi, magurudumu yanameta. Vibao na ngozi yake ya mbuzi alivificha ndani ya mfuko mapajani. Sikumwambia kitu. Nilijua bado ana tumaini kwamba mtu atauliza tena.

Hakuna aliyeuliza. Watu sabini wa kujitolea walishuka chini kwa pamoja, na ukumbi mzima ukawa mgongo mmoja mpana ulioinama. Yu Ginah na unene wake alikuwa chini. Pak Sarko alikuwa chini, ameshika pindo la mtu wa mbele yake. Wageni wa mbali walikuwa chini wakiyumba na kushikana mabega. Mimi nilikuwa chini. Na juu yetu sote, peke yake, watumishi wawili wakimsukuma kutoka nyuma, mjukuu wangu alipita kwenye marumaru yale kama kitu kinachopelekwa mahali.

Hakufika hata mbele. Gusti hakutaka kumngoja. Aliinuka kwenye kiti chake cha chini, akatembea kuja kumpokea njiani, akainama, akambandika beji kifuani kwa mkono wake. Sijawahi kuona mkubwa akimfuata mtu hivyo. Ukumbi ulipiga makofi. Muning aliunganisha viganja mbele ya pua, na machozi yakamtoka mengi, yakadondoka juu ya mfuko uliokuwa mapajani.

Picha ile iko ukutani ofisi ya kijiji mpaka leo. Chini yake wameandika "Machozi ya furaha".

Usiseme mtoto alinuna. Tulipofika nyumbani alivua nguo yangu akaikunja vizuri, akaniambia, "Nimeona utosi wa watu sabini, Mbah. Mkuu wa wilaya kapaka nywele rangi mpaka kwenye ngozi." Nikacheka. Yeye pia akacheka, kisha akaipapasa ile nguo iliyokunjwa.

"Mbah Kakung angeniona vile angefunika uso," akasema.

"Nisamehe, Nduk."

"Mwakani kuna beji ya miaka kumi. Watu wa jiko wanapewa." Alinitazama sawasawa. "Mwakani utasema?"

"Nitasema."

"Kweli?"

"Hata mbele ya jenerali."

Akashuka kitandani akaanza zoezi.

Mvua za mwaka ule zilikuja na mto ukapanda. Kambi iliwekwa kwenye shule, na jiko likaanza kabla chakula hakijatimia. Nilimkataza Muning kwenda, naye akaniambia Yu Ginah ana watu wanne tu. Kile kiti kipya kilimfikisha hadi mlangoni, na nasema hili kwa haki, kilimsaidia sana barabarani. Ndani alishuka chini kwenye mkeka. Siku tatu alifunga wali. Maji yalipenya chini ya mlango, mkeka ukalowa, nguo zikalowa, naye mwili ule wa chini haukumwambia kitu. Mtu mwenye hisia angesogea. Yeye aliendelea kufunga. Yu Ginah anasema siku ya tatu pekee alifunga vifurushi mia sita, na mtoto wa jirani alipomuuliza kama hachoki alimjibu, "Mikono haichoki, inajua hakuna wa kuisaidia."

Kidonda nilikiona alipoanza kutetemeka kwa homa. Kilikuwa mahali pa kukalia, kimeingia ndani hata sikutaka kutazama mara ya pili. Alikuwa amekijua kwa siku mbili, kwa harufu, akakifunga kitambaa ili nisihangaike.

Hospitali walimpokea vizuri. Kulikuwa na muuguzi mmoja kijana aliyemgeuza kila saa mbili, na kila akimgeuza alimwomba radhi kwanza, ingawa mgonjwa hakuhisi. Sijui jina lake. Ninamwombea dua kila sala. Lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu.

Siku ya tano homa ilipungua kidogo asubuhi, akawa ananiongelesha.

"Mbah, mwakani tukifika kwenye nguzo ya pili unisubiri."

"Mimi nikusubiri wewe? Magoti yangu yatakuwa bado nguzo ya kwanza."

"Basi nitakusubiri mimi. Ila usipumue kama nyati."

Akalala. Hakuzungumza tena neno nililolielewa.

Alasiri hiyo Gusti alikuja. Alikuja na mtu mmoja tu, ambaye alimwacha nje. Nilishuka kutoka kwenye kiti, naye akanishika mkono akanizuia, akavuta kiti kingine akaketi karibu nami, tukamtazama mtoto wote wawili. Alikuwa amekuja na mfuko mdogo wa machungwa, yameshamenywa.

"Nakumbuka siku ile ukumbini," akasema taratibu. "Alilia kwa furaha, Mbah. Sikuwahi kutoa beji iliyonigusa vile."

Nilikuwa na miaka sabini na mmoja. Nilifungua mdomo na neno likatoka kabla sijaliona.

"Hapana, Gusti."

Aligeuka.

"Hakulia kwa furaha," nikasema, na nilipokwisha kuanza sikuweza kusimama. Nikamweleza yote: dari, mkuu wa wilaya na pumzi zake, ngozi ya mbuzi, kijiko na kitunguu, hatua arobaini. Nikamweleza pindo la nguo lililovutwa mara mbili. "Nje huku kila mtu yuko juu yake. Alijua pahali pamoja tu duniani ambapo watu wote huenda kama yeye. Alitaka kupita pale mara moja, kwa mikono yake, kama watu. Sisi tukamweka juu."

Chungwa moja lilikuwa mkononi mwa Gusti, alikuwa amelibana bila kujua na maji yakamchuruzika.

"Kwa nini hukuniambia?" Hakuuliza kwa ukali.

"Gusti aliniuliza. Nikasema ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. Alielewa. Nadhani maisha yake yote watu wamemjibu ndiyo, na alikuwa anaanza kuzihesabu.

"Akipona," akasema, "atapita ukumbi mzima. Kiti changu nitakiweka mwisho kabisa ukutani ili njia iwe ndefu, na hakuna atakayemgusa. Mwambie akiamka."

Hakuamka. Alikata roho kabla ya magharibi, mkono wake mmoja mkononi mwangu na mwingine kwa yule muuguzi kijana, aliyekuwa amemaliza zamu na hakuondoka.

Asubuhi tukamlaza nyumbani, hapo chini ya dirisha, amefunikwa nguo ile niliyoolewa nayo. Majirani walileta viti uani, wanawake wakawa wanatunga maua kwenye uzi, watu wakasoma Kurani. Yu Ginah alipika wali wa wageni na hakuruhusu mtu mwingine avifunge vifurushi. Mimi nilikaa kichwani kwa mtoto.

Gari lilisimama kwa mbali. Nikasikia uani mazungumzo yakikatika, viti vikisogezwa, watu wakishuka chini mmoja baada ya mwingine kama mpunga unaolazwa na upepo. Ndani pia walishuka. Vichwa vyote vikainama. Hivyo ndivyo adabu yetu ilivyo, na ndiyo sababu kilichofuata hakuna aliyekiona isipokuwa mimi, ambaye sikuweza kuinama kwa kuwa kichwa cha Muning kilikuwa mapajani mwangu.

Gusti alivua viatu kwenye mlango wa nje, ulio kando ya ule wa jikoni. Alisimama akaitazama sakafu. Nadhani aliuona ule mstari, maana alisogea pembeni kidogo mpaka ukawa mbele yake sawasawa. Kisha akakusanya nguo yake, akashuka, akachuchumaa, akaanza kuja.

Nyumba yangu haina hatua arobaini. Ina tisa. Lakini Gusti ana zaidi ya miaka sitini na hakuna aliyemfundisha kwenda hivyo. Alizaliwa upande ule mwingine, upande wa kungoja. Katikati ya njia magoti yakamshinda. Nilimwona anayumba. Nilitaka kuita mtu amshike, na sikuita. Akaweka viganja vyote viwili sakafuni, akakaa, akajiinua kwa mikono, akateleza shibiri moja. Akajiinua tena. Alipofika alikuwa anahema. Aliunganisha viganja mbele ya pua, vyekundu kwa kusuguliwa na saruji, akainama mbele ya mjukuu wangu kwa muda wa kusoma Fatiha moja.

"Samahani, Muning," akasema kwa sauti ya chini. "Ni ndefu."

Halafu akarudi vilevile, kinyumenyume, asimpe mgongo, mpaka mlangoni.

Nilishukuru. Bado nashukuru, na kila ninapomkumbuka Gusti namtakia mema, kwa maana wakubwa wangapi wangeweka mikono yao chini kwenye nyumba ya mtu wa chai? Mwaka uliofuata alikiweka kiti chake ukutani kabisa kama alivyosema, na kijana mmoja aliyekatwa miguu yote miwili akapita ukumbi mzima kwa mikono yake, akitumia vibao vya Muning. Mimi ndiye niliyempa. Watu walinisimulia kwamba kulikuwa kimya kabisa. Nilialikwa na sikwenda.

Ngozi ya mbuzi iko chini ya kitanda. Asubuhi nikifagia huanza pembeni, na nikifika kwenye ule mstari naweka ufagio kando, napapangusa kwa kitambaa, nimepiga magoti, kutoka dirishani hadi jikoni. Ninakwenda polepole, maana magoti yangu mabovu. Nikifika mlangoni kigoda kipo pale pale, tupu, nami huwa nasema lile neno moja kwa sauti, hapana, Gusti, awekwe chini aende mwenyewe. Linatoka vizuri siku hizi. Pumzi moja tu.